Mikono Ikipata Joto

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Daftari hili ni la dawa ya mama. Daktari wa Mwanza ameniagiza niandike mapigo ya moyo wake kila asubuhi kabla hajanywa chai, na kama kuna jambo jipya niliandike chini yake. Alisema mistari miwili kwa siku inatosha. Hanijui.

Basi kwa atakayelisoma: mimi ni Coletha, mhudumu wa zahanati ya parokia, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Runzewe. Mama yangu ni Philomena, mkunga. Ana miaka hamsini na tisa, na ukikutana na mtu wa chini ya miaka thelathini katika vijiji hivi vitatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mama ndiye aliyemkata kitovu. Tangu mwezi wa sita alikuwa akisimama katikati ya shamba, ameshika kifua, anasema kuna mtu amemkalia. Mimi mjuaji nikampa dawa ya vidonda vya tumbo. Mwezi wa nane akaanguka kisimani, ndoo ikamwagika, na watu wakaja kuniita zahanati mbio. Ndipo tukapanda basi kwenda Mwanza.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniuliza kama nimewahi kuona mashine ya kuvuta maji mashimoni. Nikamwambia mume wangu Ignas anachimba dhahabu, mashine hizo ndizo zinazoninyima usingizi. Akasema moyo ni mashine hiyo, lakini nao unahitaji damu yake wenyewe ili ufanye kazi, na mrija unaouletea moyo wa mama damu hiyo umekuwa mwembamba. Moyo ukienda mbio, damu inayopita haiutoshi, nao unalia. Kilio hicho ndicho anachokisikia kifuani. Dawa haipanui mrija. Inautuliza moyo uende polepole, usidai kingi, ili hicho kidogo kinachofika kitoshe. Inaitwa propranolol. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Aliongeza mambo mawili. La kwanza, damu itapungua kwenda mikononi na miguuni, viganja vitakuwa baridi, tusiogope. La pili, dawa isikatishwe ghafla hata siku moja. Ikielekea kuisha, nimpe nusu nusu, kisha robo, huku natafuta nyingine. Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama mtoto wa katekisimu.

Mapigo leo: 60.

Jumatatu, 20 Oktoba

58. Mvua.

Jumanne, 21 Oktoba

58. Mvua. Mama anasema analala kama jiwe, ila anaota ndoto za ajabu. Ameota anamzalisha ng'ombe.

Jumatatu, 3 Novemba

56. Leo mama amekwenda kisimani na kurudi na ndoo kichwani bila kusimama njiani. Mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Alipoitua, akaniangalia kwa jeuri yake ile ya zamani, akaniuliza ni nani aliyesema Philomena amekwisha. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke tumboni. Nina mimba ya miezi sita na nusu. Sijaiandika hapa kwa sababu sipendi kuitaja. Wawili waliotangulia walizaliwa kimya, na mama ndiye aliyewapokea wote wawili.

Nilimshika mkono kumshukuru Mungu. Viganja vimepoa sana, kama mtungi wa maji uliokaa kivulini. Daktari alisema itakuwa hivyo.

Jumamosi, 15 Novemba

56. Mvua tangu alfajiri. Redio inasema ni Elnino, mvua ya dunia nzima.

Leo nimegombana na mtu. Goodness, mke wa mchimbaji anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ana mimba ya kwanza, ya miezi saba na nusu. Alikuja kwa mama kupimwa. Mama akamlaza mkekani, akaweka mikono tumboni, na Goodness akaruka akakaa, akasema mikono hii ni ya maiti. Mama akamwambia kwa upole alale, mtoto anataka kujulikana alikolala. Akakataa. Akafunga khanga yake akaondoka, na kabla ya saa sita kisima kizima kilikuwa kinajua.

Nilimfuata kwake. Nilimwambia maneno ambayo Sista wa zahanati asingependa kuyasikia. Goodness hakunijibu vibaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alisema, "Dada Coletha, mimi sijamtukana mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Mkono wa mkunga ukipoa, mtoto hugeuka."

Ni kweli. Mama amelisema neno hilo miaka thelathini. Kila msichana wa hapa amelisikia kwake, akiwa amelala kwenye mkeka uleule. Mkunga huota moto kwanza, husugua viganja, ndipo humgusa mzazi, maana mtoto akisikia baridi hudhani nje hakuna mtu anayemtaka, hugeuka akatanguliza matako. Mimi zahanati nimefundishwa kwamba mtoto hageuzwi na baridi ya mkono. Lakini utamwambiaje mtu asiamini alichofundishwa na mkunga, kwa ajili ya mkunga huyohuyo?

Nilipomsimulia mama, akasema Goodness ana haki.

Jumapili, 16 Novemba

57. Hakwenda kanisani. Anasema ni matope.

Ijumaa, 28 Novemba

56. Wanawake watatu sasa wamekwenda kwa mkunga wa ng'ambo ya mto, yule ambaye mama humwita mvunja kuni kwa jinsi anavyowakandamiza wazazi. Goodness ni mmoja wao.

Leo nimemkuta mama jikoni ameweka viganja kwenye chungu cha uji kinachochemka. Vimeungua, na hakuwa amesikia mapema kwamba vinaungua. Nimemfunga bandeji. Nilimkaripia kama anavyokaripiwa mtoto, naye aliniachia nimkaripie. Nikamwambia dawa inamsaidia, kifua hakijamuuma tangu Oktoba, anataka nini zaidi? Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, kifua changu mimi sikitumii kwa kazi. Natumia mikono."

Jumanne, 9 Desemba

58. Ignas amerudi. Kule kwenye rashi, machimbo mapya ya dhahabu, maji yamejaa mashimoni, matimba ya kushikilia kuta yameoza, na duara, shimo la jirani, limeporomoka na watu watatu ndani. Hawajatolewa. Alisimulia hayo huku anakwangua tope kwenye viatu, hakuniangalia. Nilimshukuru Mungu kwa mvua iliyomfukuza, kisha nikaona aibu, kwa sababu wale watatu nao wana wake.

Akaniuliza habari za mama. Ignas ni Msukuma wa kweli, anayeshika mwiko wa mkwe. Mama mkwe humsalimia kwa mbali, na wakikutana njiani yeye huingia porini akampisha. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kumshika mkono. Nikamtania kwamba yeye peke yake kijiji hiki ndiye asiye na la kusema juu ya baridi ya mikono ya mama. Hakucheka.

Amesema barabara ya Kahama imekatika sehemu mbili na upande wa Geita malori yamelala wiki nzima.

Alhamisi, 18 Desemba

57. Vidonge vimebaki kumi na nane, vya siku tisa. Niliwapa watu wa basi fedha ya kuniletea kutoka Mwanza tangu mwezi uliopita, na basi lenyewe halijaonekana. Sista amepekua kabati lote la zahanati. Tuna klorokwini ya kulisha jeshi, aspirini, dawa ya minyoo. Ya moyo hakuna.

Sista ndiye aliyeniambia nijaribu kwa Ishwarlal.

Nilikwenda Runzewe kwa kuvuka matope hadi magotini. Mzee Ishwarlal ana duka la vitambaa na sukari karibu na stendi, amezaliwa Kahama, na kwa miaka hii ya karibuni namjua kwa mambo mawili: huvaa sweta la sufu hata jua la Septemba, na hampi mtu mkono. Kila mtu anajua kwamba ni kiburi. Hata mimi nimesema hivyo mara nyingi, kwa sauti.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaninyooshea mkono juu ya kaunta, na mimi kwa mshangao nikaushika. Ulikuwa wa baridi kuliko wa mama.

"Mwaka wa sita huu nakunywa dawa hiyo," akasema. "Nikimshika mtu mkono anashtuka. Bora waseme nina kiburi."

Akatoa chupa yake, akamimina vidonge kwenye gazeti, akavigawa kwa ncha ya rula. Upande wake, upande wangu. Thelathini kwangu. Upande wake niliona havikuzidi hivyo. Mwanawe Nitin ndiye anayemletea kutoka Mwanza, na Nitin amekwama huko huko. Nikasema sasa yeye atakunywa nini. Akasema atakunywa nusu asubuhi, nusu jioni, moyo wake umezoea kubanwa. Hakutaka nimlipe. Nimerudi na aibu, na vidonge ndani ya karatasi ya sukari.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

58. Padri amepita kwa mtumbwi wa kuazima, misa ilikuwa fupi.

Baada ya kula, mama alisema anataka kunipima, miezi minane imetimia na hajanigusa hata mara moja. Ni kweli nimekuwa nikimkwepa. Nikamwambia Sista amenipima. Akasema Sista ni mtawa, anajua nini, na tena mficha uchi hazai. Nikalala mkekani. Alisugua viganja muda mrefu, akavipumulia, akavifunika kwa khanga iliyokaa juani. Kisha akaniwekea tumboni.

Nilishtuka. Sikutaka. Mwili wenyewe uliruka, na nilivuta pumzi kwa sauti. Ni baridi tu, najua sababu yake, nimeieleza kwa kila mtu kisimani. Lakini nilipoguswa na mikono ile nilikumbuka wale wawili waliozaliwa kimya, nikataka mikono iondoke.

Mama akaiondoa. Akasema mtoto amekaa vizuri. Hakuwa amepata muda wa kujua amekaaje.

Nilikwenda kuosha vyombo, nikalia hukohuko nyuma ya nyumba. Nilimtukana Goodness kwa jambo hilihili.

Ijumaa, 26 Desemba

57. Hatukuongea sana.

Jumatatu, 29 Desemba

57. Mvua. Mihogo inaoza ardhini.

Jumatano, 31 Desemba

58. Goodness amejifungua salama kwa yule mvunja kuni. Mtoto wa kike. Mama alipeleka unga, akaukabidhi mlangoni, hakuingia.

Jumamosi, 3 Januari 1998

58. Mama leo alikwenda Runzewe, akasema anakwenda kutafuta chumvi. Alirudi alasiri amelowa. Akakaa hapa kwangu kwenye kigoda, akaniambia ana ombi.

Ombi lake ni kupumzika dawa siku tano, mikono ipate joto kabla sijajifungua. Aliniomba kwa sauti ya chini, anaangalia sakafu, yeye ambaye hajawahi kuniomba ruhusa ya kitu. Alisema kifua hakijamuuma miezi mitatu, labda kimepona. Alisema anataka kumpokea huyu akiwa na mikono yake. "Wale wawili niliwapokea kwa mikono ya joto na hawakulia. Huyu nisimpokee kwa mikono ya namna hii."

Nikamwambia daktari amekataza. Akasema daktari hajui mvua hii, vidonge vimebaki vichache, siku chache za kupumzika zitatuongezea siku mbele. Nikavihesabu: kesho vitakuwa kumi na vinne, vya wiki moja. Mimba inatimia katikati ya mwezi. Tukiendelea kumpa viwili kwa siku, vitamwishia siku zilezile atakazokuwa na kazi. Tukipumzika sasa, vitakuwepo baadaye.

Nimekaa nalo hili mpaka saa hii ya jioni. Dawa ninazozijua mimi huwa zina mwisho. Klorokwini siku tatu, umemaliza. Sindano za nimonia siku tano, umemaliza. Anayejisikia vizuri huachishwa. Daktari alisema isikatishwe ghafla, lakini nadhani alimaanisha watu wanaoiacha moja kwa moja, wanaosahau. Siku tano si kuacha.

Nimemkubalia. Siku tano. Nikampa amri kwamba nitampima asubuhi na jioni, akisikia chochote anarudi kwenye kidonge. Akanishukuru, akasema wabeja, ng'wanone. Wabeja sana.

Jumapili, 4 Januari

58. Hajanywa. Hakuna kitu.

Jumatatu, 5 Januari

64. Hakuna maumivu. Amelima kidogo.

Jumanne, 6 Januari

73. Vidole vyake vimeanza kuwa vyekundu kwenye ncha. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha pete.

Jumatano, 7 Januari

84. Mikono ina joto.

Leo alinipima. Aliweka viganja tumboni na vilikuwa vya mama yangu, viganja nilivyovijua tangu nikiugua surua. Sikushtuka. Alifunga macho, akatafuta kichwa, akakipata, akatafuta mgongo, akaupata. Akamgonga mtoto kidogo kwa kidole na mtoto akamjibu. Tulicheka wote wawili. Aliimba kidogo, wimbo wake wa kizazi ambao hajauimba tangu mvua zianze. Ignas aliusikia kwa mbali akiwa shambani, akaniambia jioni kwamba mama mkwe amepona.

Nimefurahi. Ninaandika waziwazi kwamba nimefurahi, na kwamba nimejiona nina akili kuliko daktari.

Alhamisi, 8 Januari

Asubuhi 96. Jioni 98. Anasema ni joto la kazi, amepita kwa wanawake wawili kuwasalimia, wamemshika mikono, na mmoja amesema atarudi kwake. Nikamwambia kesho tunaanza kidonge. Akasema kesho.

Jumapili, 11 Januari

Naandika yaliyotokea Ijumaa.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake, ng'ambo ya shamba la mihogo. Nilimkuta ameketi kizingitini, hajawasha moto. Jasho lilikuwa linamtoka usoni na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nikamshika kifundo cha mkono. 118. Nikahesabu tena nikidhani nimekosea, nikapata 124. Mkono wenyewe ulikuwa wa moto. Nikamuuliza kifua. Akasema yule mtu amerudi na amekuja na wenzake.

Nilimpa kidonge hapo hapo, mdomoni, na maji. Nilijua kitachukua muda. Nikampa aspirini. Nikamwita Ignas kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Baiskeli haikufaa kitu, njia yote ni maji. Machela haikuwepo. Majirani wanaume walikuwa wamekwenda kutengeneza daraja.

Ignas alisimama mbali kama kawaida yake, mikono nyuma. Nikamwambia ambebe. Aliniangalia, akamwangalia mama, na mama aliyekuwa hawezi kusema akafumba macho, akageuza uso pembeni, ili kumrahisishia. Ignas akachuchumaa mbele yake akiwa amempa mgongo, akasema, "Mama, nisamehe." Akamwinua. Alimbeba mgongoni kuvuka shamba zima na bonde lote, uso wake umeinama, na mimi nyuma yao na tumbo langu la miezi tisa, nimeshika miguu ya mama isilegee. Goodness alituona kutoka mlangoni kwake. Alimwacha mtoto wake na jirani, akaja, akakamata mkono wa mama uliokuwa unaning'inia, akaushika mpaka tulipofika mtoni.

Mto ulikuwa umejaa kingo zote mbili. Zahanati iko ng'ambo. Tulipiga kelele, mtu wa mtumbwi akaonekana upande wa pili, akaanza kuja, maji yakamsukuma mbali kufuata mkondo. Tulimlaza mama kwenye majani. Nilimhesabu mapigo mpaka nikashindwa kuyafuata, hayakuwa tena na mpango. Alijaribu kuweka mkono tumboni kwangu. Aliuweka. Kisha akapumua mara mbili kwa kukoroma, ikawa basi. Ilikuwa kama saa nne ya asubuhi.

Mtumbwi ulifika baadaye. Tulimrudisha mama nyumbani, Ignas akambeba tena.

Goodness na wanawake wengine ndio waliomwosha. Jana tumemzika, kaburi linajaa maji wakati linachimbwa, wanaume wakayachota kwa ndoo. Mikono yake ilikuwa bado na joto walipoanza kumwosha, Goodness ameniambia. Nadhani alitaka kunifariji.

Sijamwambia mtu kuhusu zile siku tano. Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Ignas anasema ni mvua.

Jumanne, 13 Januari

Hakuna wa kupimwa.

Jumapili, 18 Januari

Maji yamepungua. Nimejifungua zahanati, leo asubuhi, mikononi mwa Sista aliyevaa glavu, na Goodness amenishika kichwa. Mtoto wa kike. Amelia. Alitanguliza kichwa, kama mama alivyosema.

Nililia kuliko mtoto. Sista alidhani ni furaha, akaniambia nisijizuie.

Jumamosi, 31 Januari

Tumempa jina la bibi yake, Philomena. Ignas ndiye aliyetaka, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuisema.

Jumamosi, 7 Februari

Magari yameanza kupita. Leo nimemfunga mtoto mgongoni, nimekwenda Runzewe kurudisha vidonge vya mzee Ishwarlal. Kumi na vitatu. Usiku kucha nimepanga uongo: mama alifariki mapema, kabla hajavimaliza. Nilipoingia dukani nikamkuta amekonda, sweta linamning'inia. Nitin alifika juzi tu. Mzee ameishi kwa nusu kidonge, kisha kwa robo, mwezi na nusu, na amelala kitandani siku kumi kwa sababu hiyo.

Nikaweka karatasi juu ya kaunta. Akavihesabu kwa macho, akajua mama hakuvinywa vyote, maana alivigawa mwenyewe. Uongo wote nilioupanga ukanitoka kichwani. Nikamwambia ukweli, mtu wa kwanza. Nilimwambia mimi ndiye niliyemruhusu kuacha siku tano, kwamba daktari alinikataza na mimi nikakataa kusikia, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu mikono yake ilinishtua.

Alivua miwani, akaifuta kwa sweta. Kisha akaniuliza ilikuwa tarehe gani alipoacha. Nikamwambia Jumapili, tarehe nne.

"Alikuja hapa siku moja kabla," akasema. "Kwenye mvua. Aliniuliza nikiacha dawa mikono yangu inapata joto? Nikamwambia ndiyo, baada ya siku tatu, nne. Alifurahi, nikaona anafurahi sana, ndiyo nikamwambia habari ya kaka yangu. Kaka yangu aliiacha kule Kahama, alisema amepona. Siku ya sita alikufa anafunga kamba za viatu. Nilimwambia mama yako: moyo uliobanwa, ukiuachia ghafla unatoka mbio kama ng'ombe aliyefunguliwa. Nilimwambia mara mbili."

Nikamuuliza mama alijibu nini.

"Alisema anaelewa. Alisema siku tano hazitafika sita. Nikamwambia akuambie wewe. Akasema wewe ni mhudumu, unajua yote hayo."

Nilimuuliza kwa nini hakuja, kwa nini hakutuma mtu. Akanyoosha mkono kuelekea barabarani, kwenye matope yaliyokuwa mto mwezi uliopita. Kisha akavirudisha vidonge kwenye karatasi, akanirudishia. Akasema zahanati ije iwe navyo.

Nimetembea saa nzima kurudi nyumbani na nilikuwa na hasira. Nimemlilia mama karibu mwezi mzima na leo ndiyo mara ya kwanza kumkasirikia. Alikaa kwenye kigoda changu, khanga inamchuruzika maji, akaniomba ruhusa kama mtoto, na alikuwa anajua kuliko mimi. Aliniacha nihesabu vidonge, nipige mahesabu, nijione ndiye ninayeamua. Alijua kwamba akiniambia nitakataa. Alitaka zile siku chache za joto, na akataka zitoke mkononi mwangu.

Ignas amenikuta mlangoni sijavua viatu. Akaniuliza kuna nini. Nimemwambia yote, zile siku tano, daktari, Krismasi, mzee Ishwarlal. Amesikiliza, kisha amekwenda kukaa nje peke yake, na mpaka sasa hajarudi ndani. Mtoto ameamka analia njaa. Nimemwita kwa jina lake, Philomena, nyamaza, na kwa mara ya kwanza nimelitamka kwa ukali, na nimemnyonyesha hivyohivyo.